Mjadala: MH17 baada ya hukumu, kipi bado ni swali na kipi ni tetesi tu?

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, kila ifikapo tarehe 17 Julai ubishi ule ule hufufuka: nani aliyeitungua ndege ya Shirika la Ndege la Malaysia, safari MH17, iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur mwaka 2014 na kuangukia mashariki mwa Ukraine ikiwa na watu 298, wakiwemo watoto 80? Naomba safari hii tuujadili kwa utulivu, kwa sababu naona tunachanganya mambo mawili. Lipo swali lililokwisha kujibiwa, nalo ni silaha gani ilitumika na ilifyatuliwa kutoka wapi. Lipo na jingine ambalo halijabanwa ipasavyo, nalo ni kwa nini ndege ya abiria iliruhusiwa kupita juu ya vita. Hoja yangu ni kwamba kelele tunazopiga juu ya swali la kwanza ndizo zinazolificha la pili.

Tazameni historia ya tetesi zenyewe. Siku nne baada ya tukio, Wizara ya Ulinzi ya Urusi iliitisha mkutano na wanahabari ikadai kwamba ndege ya kivita ya Ukraine, pengine aina ya Su-25, ilionekana ikipanda karibu na MH17. Su-25 imeundwa kushambulia shabaha za ardhini na kimo chake cha kawaida hakizidi takriban mita 7,000, ilhali MH17 ilikuwa futi 33,000, yaani mita 10,000 hivi. Juni 2015 kampuni ya Almaz-Antey, ambayo ni mali ya dola ya Urusi na ndiyo inayounda makombora ya Buk, yaani makombora mazito ya kutungulia ndege kutoka ardhini, ikasema ndege hiyo ilipigwa na Buk, ila kombora lilitoka kijiji cha Zaroshchenske, upande iliodai ulishikwa na jeshi la Ukraine. Kisha Septemba 2016 wizara ile ile ikatoa data za rada kuonyesha kwamba hakuna kombora lililokuja kutoka mashariki, na katika data hizo hizo ile ndege ya kivita ya mwaka 2014 haikuwamo. Mtu anaweza kukosea na kujisahihisha, lakini anayejisahihisha hulifuta neno lake la kwanza. Hapa la kwanza liliachwa litembee, na mpaka leo ndilo ninalosimuliwa kijiweni.

Novemba 17, 2022, mahakama ya The Hague iliwahukumu kifungo cha maisha watu watatu ambao hawakuwepo mahakamani: Igor Girkin, Sergey Dubinskiy na Leonid Kharchenko, makamanda wa waasi wa mashariki mwa Ukraine walioungwa mkono na Urusi. Wa nne, Oleg Pulatov, aliachiwa kwa kuwa ushahidi wa mchango wake haukutosha. Mahakama iliona kwamba kombora la Buk lilifyatuliwa kutoka shamba karibu na Pervomaiskyi, eneo la waasi, na kwamba mtambo ulitoka Urusi na ukarudishwa huko. Sasa nauliza: nani bado ana shaka, na shaka hiyo inasimama juu ya nini?

Mchangiaji wa Mombasa

Mimi nina shaka, ndugu mwanzilishi, na sioni haya kusema. Sisi wa rika langu tulimtazama Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mwaka 2003 akiueleza Umoja wa Mataifa, kwa picha na kanda za sauti, juu ya silaha za Iraq ambazo hazikupatikana kamwe. Baada ya MH17, John Kerry, aliyekuwa akishika wadhifa huo huo, alisema Marekani imeliona kombora likiruka. Picha za setilaiti za tukio hilo hazikuwekwa hadharani. Timu ya pamoja ya uchunguzi ilikuwa na Uholanzi, Australia, Ubelgiji, Malaysia na Ukraine, na kati ya hizo Ukraine ilikuwa mhusika wa vita, huku Malaysia, mwenye ndege, ikiingizwa miezi kadhaa baada ya wenzake. Mwaka 2019, watuhumiwa walipotajwa, Waziri Mkuu wa Malaysia wakati huo, Mahathir Mohamad, alisema wazi kwamba haridhiki na ushahidi huo. Sehemu kubwa ya simu zilizonaswa ilitoka kwa idara ya usalama ya Ukraine. Tena ni nchi hiyo hiyo ambayo Oktoba 2001 jeshi lake liliidungua kwa makosa ndege ya abiria ya Urusi juu ya Bahari Nyeusi, wakafa watu 78, na mwanzoni ikakana. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa nini Mwafrika aambiwe aamini kwa sababu tu hukumu imetoka Ulaya?

Mchangiaji wa Nairobi

Nimefanya kazi ya uongozaji wa ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitayaacha ya siasa na kusema juu ya chuma. Kaka yangu wa Mombasa ana haki ya kutowaamini Marekani wala Ukraine, lakini ushahidi uliobeba kesi hii haukuhitaji umwamini yeyote kati yao. Kichwa cha kombora la Buk la aina iliyotumika hujazwa vipande vya chuma vya maumbo mbalimbali, na kimojawapo kina umbo la kipepeo. Vipande vya namna hiyo vilipatikana kwenye mabaki ya chumba cha marubani na ndani ya mwili wa mmoja wa waliokuwa humo. Kinasa sauti cha chumba hicho kilinasa, katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya mwisho, mlio uliozifikia maikrofoni zake kwa kupishana, na kupishana huko ndiko kulikoonyesha kwamba mlipuko ulitokea nje, juu upande wa kushoto wa pua ya ndege. Kombora dogo la ndege ya kivita linalofuata joto huelekea kwenye injini. Hili lilielekea chumba cha marubani, tena likapasuka kabla ya kugusa, kama Buk inavyofanya.

Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyotoa ripoti yake Oktoba 13, 2015, haikutafuta wa kumfunga, ilitafuta sababu. Na ni ripoti hiyo hiyo, ndugu zangu, iliyoinyooshea Ukraine kidole, jambo ambalo watetezi wa Urusi hawalitaji kwa kuwa linataka kwanza ukubali kwamba ilikuwa Buk. Tarehe 14 Julai 2014 ndege ya mizigo ya jeshi la Ukraine, Antonov An-26, ilidunguliwa ikiwa juu ya mita 6,000, kimo ambacho kombora la kubebwa begani halifiki. Maana yake kila aliyesoma habari hiyo alijua kwamba huko chini kuna silaha nzito. Siku hiyo hiyo Ukraine ilipandisha kikomo cha anga iliyofungwa kutoka futi 26,000 hadi 32,000. MH17 ilipita futi 33,000, futi elfu moja tu juu ya mstari, ikiwa halali kabisa kwa karatasi. Sisi tunaoijua kazi hii hatuwezi kusoma namba hizo bila kushika kichwa, kwa sababu Buk haijui tofauti ya 32,000 na 33,000.

Wala haikuwa Malaysia peke yake. Siku ya tukio ndege 160 za abiria na mizigo zilipita katika anga ile kabla haijafungwa. Kati ya tarehe 14 na 17 walipita waendeshaji 61 kutoka nchi 32. Bodi ilisema Ukraine ilikuwa na sababu za kutosha za kuifunga anga hiyo. Nchi yenye vita hukiri kwa kufunga anga kwamba haiimiliki tena, na ndege zikikwepa, ada za kupita nazo hukwepa.

Mchangiaji wa Goma

Ninyi mnabishana juu ya hukumu, sisi tungefurahi kuwa na ya kubishania. Tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 ya Lignes Aériennes Congolaises iliruka kutoka Kindu, Maniema, ikapigwa na kombora la begani kwenye injini ya nyuma, wakafa wote 41. Waasi walisema ilibeba askari. Upande wa pili ulisema ni raia waliokuwa wakikimbia vita, wengi wao wanawake na watoto. Mpaka leo ukikaa na watu wawili wa Kindu utapata majibu mawili, kila mmoja kufuatana na jeshi lililomtesa zaidi. Kwa hiyo mzee wangu wa Mombasa asiidharau maabara ya Uholanzi. Methali yake inafaa mahali ambapo hakuna mtu aliyekwenda kuokota vipande.

Mchangiaji wa Mombasa

Nimekusikia, ndugu yangu wa Goma, na poleni sana. Nakubali habari ya Su-25 haisimami. Nimeishikilia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lakini bado nadai jina la aliyebonyeza kitufe. Waliohukumiwa ni walioagiza na kuupokea mtambo, si walioufyatua.

Mwanzilishi wa mada

Hapo uko sahihi, mzee wangu, na ndiyo aina ya shaka ninayoiheshimu, kwa kuwa inataja kitu mahsusi kinachokosekana. Mtambo ulihusishwa na Brigedi ya 53 ya jeshi la Urusi kutoka Kursk tangu Mei 2018, lakini Februari 2023 wachunguzi walisimamisha kazi wakisema ushahidi haukutosha kuwashtaki wafyatuaji wala waliokuwa juu yao, ingawa dalili zilifika hadi kwa Rais Putin kuhusu uamuzi wa kuutoa mtambo. Urusi ilikuwa imekwisha kuzuia mahakama maalumu ya Umoja wa Mataifa kwa kura ya turufu Julai 2015. Mei 2025 Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliamua kwamba Urusi ilivunja wajibu wake, na Julai mwaka huo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaiona Urusi inawajibika.

Niongeze na hili, nisije nikaonekana kuwa tetesi ni za Warusi peke yao. Wiki ile ile vyombo vikubwa vya Magharibi viliandika kwamba watafiti wa UKIMWI wapatao 100 walikuwemo, wakielekea kwenye mkutano wa Melbourne. Waliothibitishwa walikuwa 6, mmoja wao Profesa Joep Lange, ambaye taasisi aliyoianzisha, PharmAccess, inafanya kazi hapa Tanzania na Kenya. Hakuna aliyezungushwa mitaani na namba 6. Ile ya 100 ndiyo iliyosambaa.

Namrudia ndugu wa Nairobi: kama kosa la kuacha anga wazi lilijulikana tangu 2015, limerekebishwa?

Mchangiaji wa Nairobi

Kidogo. Tarehe 8 Januari 2020 Iran ilifyatua makombora kwenye kambi za Marekani nchini Iraq, kisha ikauacha uwanja wa Tehran ukiendelea na kazi. Saa chache baadaye walinzi wake wenyewe wa anga wakaidungua ndege ya Ukraine, watu 176, na ikachukua siku tatu kukiri. Desemba 2024 ndege ya Azerbaijan iliyokuwa ikienda Grozny, Urusi, ilianguka karibu na Aktau, Kazakhstan, watu 38 wakafa, na maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba iligongana na ndege wa porini, kabla ya kuelekezwa kwa ulinzi wa anga wa Urusi. Upande wa pili, Sudan ilipoingia vitani Aprili 2023 anga yake ilifungwa mara moja, na safari za Ulaya kutoka kwetu zikaanza kuizunguka. Abiria walilalamika juu ya muda na nauli, na nilikuwa mmoja wao, nikiwa Nairobi nasubiri ndege ya binti yangu iliyochelewa.