Fahali wa Angus wa nyasi tu: niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

MfugajiRumuruti
Wakuu, habari zenu. Niko Laikipia na ng'ombe wa Boran. Nataka kuwapandisha kwa Angus nipate ndama wenye nyama zaidi, ila sitaki mnyama wa kubembelezwa na ndoo ya chakula. Kwangu ni nyasi, maji na chumvi, basi. Naona Wamarekani wakitangaza mafahali "waliokulia ranchi, wasio na gharama". Ni kweli, ama ni biashara tu?

MtuWaSandhills
Mzee wangu, salamu kutoka Nebraska. Mimi ni wa Eldoret, nimeajiriwa kwenye ranchi huku Sandhills, na msimu wa kuuza ukifika mimi ndiye huwatembeza wateja katikati ya mafahali. Porojo zipo, lakini kitu chenyewe pia kipo.

Mafahali wengi huku huuzwa wakiwa na mwaka mmoja na miezi kidogo, wamelishwa nafaka tangu waachishwe kunyonya. Mnadani wanang'aa, mgongo kama meza. Ukiwafungulia malishoni pamoja na majike, baada ya wiki chache unahesabu mbavu. Sisi tunauza wa miaka miwili waliokua kwa nyasi. Mwezi wa tatu hawavutii: wamekonda, manyoya ya baridi yanabanduka vipande vipande. Mteja mgeni huguna. Anayejua ng'ombe huomba kwanza aonyeshwe mama.

Mama ndiye bidhaa hasa. Wetu wana kilo 500 na kitu, si 700. Wakati wa baridi wanakula nyasi iliyokauka ikiwa imesimama, wakisukuma theluji kwa pua, na tunawaongezea mashudu kidogo yaliyobanwa, vipande vinene kama kidole gumba. Wanazaa Mei, nyasi mbichi ikiwa imeanza, wakati majirani wetu wamezalisha Februari wakikesha na tochi. Asiyeshika mimba ndani ya msimu anauzwa, hata akiwa kipenzi cha bosi. Hapo ndipo gharama inapopungua. Tangazo halipunguzi kitu.

Kwenye karatasi za chama cha Angus cha Marekani, zenye takwimu za kila fahali, watu hukimbilia uzito wa mwaka mmoja. Wewe tazama uzito wa kuzaliwa, uzito wa jike mzima, na maziwa. Maziwa mengi si sifa kwako: ng'ombe wa namna hiyo hula zaidi hata akiwa hanyonyeshi. Kuna pia hesabu iitwayo $EN, makadirio ya pesa za chakula anazookoa jike. Ikiwa juu, ni nzuri.

Fahali wa zaidi ya miaka miwili apimwe uzazi, na mzunguko wa korodani usipungue sentimita 34.

DaktariWaMifugo_Nakuru
Yote sawa, lakini ndugu yangu wa Rumuruti, usilete fahali mwenyewe! Leta mbegu. Baridi ya Nebraska haikumfundisha kupambana na kupe. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, itammaliza kabla hajapanda majike wako, na lile koti jeusi kwenye jua la saa saba ni adhabu. Chotara atapata ngozi na ujasiri wa mama Boran. Hata hivyo ogesha dhidi ya kupe, na wapatie ndama chanjo ya Muguga, ile ya ndigana kali.

MtuWaSandhills
Daktari amesema. Hata huku Angus walianza hivyohivyo: mwaka 1873 George Grant alileta mafahali wanne kutoka Uskoti hadi Victoria, Kansas, wakapandishwa ng'ombe wa Texas wenye pembe ndefu. Ndama wengi walitoka weusi bila pembe, na wakavumilia baridi vizuri.

MfugajiRumuruti
Asanteni sana. Sasa nikinunua mirija ya mbegu, nitajuaje kwamba fahali ametoka kwenye ranchi ya nyasi kweli? Muuzaji yeyote atasema ndiyo.

MtuWaSandhills
Usimuulize kama ni wa nyasi. Muulize mama wa fahali ana umri gani, amezaa mara ngapi bila kuruka mwaka, na msimu wa kupandisha kwao huchukua siku ngapi. Sisi hatuzidishi 60. Kisha omba picha ya huyo mama iliyopigwa mwishoni mwa baridi, sio ya Julai ambapo kila ng'ombe amenona. Omba pia kipimo cha DNA cha kasoro za kurithi, hasa AM, ile ya ndama kuzaliwa amekufa na uti umepinda. Mwenye mifugo ya kweli hutuma vyote bila maneno mengi. Akikutumia video ya fahali tu, ameoshwa na kuchanwa manyoya, tafuta mwingine.