Maktaba ya programu inakula tarakimu za floti (namba za desimali za kompyuta), tukilalamika tunaambiwa "ndivyo kompyuta zilivyo"

Wakuu, hili limevumiliwa vya kutosha. Maktaba ya kuandika JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data (jina nalihifadhi, wanaoitumia wameshaijua), inageuza floti kuwa maandishi kwa `%.15g`, yaani tarakimu 15 za maana, na kila tiketi (ripoti ya hitilafu) inafungwa kwa jibu lile lile: "Floti hazina usahihi."

Uongo mtupu. Floti ya biti 64 ni namba moja tu, haina utata. Ile 0.1 iliyoko kwenye memori ni 0.1000000000000000055511151231257827… na inajulikana mpaka tarakimu ya mwisho. Kinachotakiwa ni maandishi ambayo yakisomwa tena yanarudisha biti zile zile. Tarakimu 17 zinatosha kwa kila namba, 15 hazitoshi. Jumlisha 0.1 na 0.2, andika kwa `%.15g`, unapata 0.3. Isome, linganisha na ya mwanzo: si sawa! Namba imebadilika njiani, na hakuna onyo lolote.

Kuna wajuaji watasema weka `%.17g` yaishe. Hayaishi. 0.1 inatoka 0.10000000000000001, faili linavimba, watumiaji wanakuja juu. Dawa ya haraka: anza na 15, soma kwa `strtod` (ya C, inayogeuza maandishi kuwa namba), isiporudi ile ile panda 16, kisha 17. Ni ya polepole, na haitoi fupi kuliko zote (5e-324 itatoka 4.94065645841247e-324), ila haipotezi kitu. Dawa kamili ilishaandikwa na Steele na White mwaka 1990, algoriti ya Grisu ikaja 2010, ya Ryu 2018. Python inatoa maandishi mafupi yanayorudi salama tangu toleo la 3.1, na C++17 ina `std::to_chars` ya kazi hiyo hiyo. Kisingizio gani kimebaki?

Bafa (nafasi ya memori ya kuandikia) nayo ni balaa. Ukichagua `%f` (tarakimu zote bila kipeo), inaandika kwa `sprintf`, isiyoangalia ukubwa, kwenye bafa ya baiti 32. Double (floti ya biti 64) kubwa kabisa ina tarakimu 309 kabla ya nukta; weka nukta, desimali sita, alama ya hasi na baiti ya kufungia, zinafika 318. Mtu akituma 1e300 tu (1 na sifuri 300), ameshaandika juu ya steki yako, memori ya programu iliyo jirani na bafa. `snprintf`, inayopewa kikomo cha ukubwa, ingezuia hilo, na jina lake ni herufi moja zaidi!

Halafu lokali (mipangilio ya lugha na nchi). Programu ikiiwasha kwa `setlocale` kwenye mashine ya Kijerumani, 0.5 inatoka 0,5. Kwa hiyo orodha ya namba moja, `[0.5]`, inaandikwa `[0,5]`, ambayo ni JSON halali kabisa yenye namba mbili. Kisomaji hakilalamiki hata kidogo.

Haya, fungeni na tiketi hii.