Swali la makazi ya wanyama: libaki au liondoke kwenye mitihani ya Kiswahili?

Mleta mada: Naleta hoja. Lile swali la shule za msingi, "Nyuki ni kwa mzinga, ndege ni kwa ____", liondolewe. Tunaambiwa linapima msamiati, kumbe linapima kama mtoto amekariri orodha ileile ya miaka yote: ndege kiota, mchwa kichuguu, ng'ombe zizi, simba pango. Na orodha yenyewe inapotosha. Simba hana pango analoishi. Hulala kivulini popote, na jike mwenye watoto huwaficha kichakani au kwenye majani marefu, kisha huwahamisha baada ya siku chache. Ndege naye haishi kiotani. Kiota ni cha mayai na makinda, na makinda wakishajua kuruka kinaachwa. Ngiri je? Hulala kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, tena huliingia kinyumenyume ili meno yaelekee mlangoni. Hapo utaandika makazi ya nani?

Mtunga mitihani: Unachanganya masomo. Sayansi inauliza mnyama anaishije, Kiswahili kinauliza watu wanakiitaje kitu. Simba aondoke, hilo sikatai, lakini swali likitungwa vizuri linafaa. Kosa kubwa ni kuweka majibu sahihi zaidi ya moja kwenye chaguzi: kuku, (A) banda (B) tundu (C) kizimba (D) zizi. A, B na C zote zinasemwa, na anayesahihisha huishia kuchagua neno la kwao. Dawa ni kuweka muktadha: "Alimpeleka jogoo sokoni ndani ya ____ la fito." Banda na zizi yanajitoa kwa kuwa hayabebeki. Kizimba kinajitoa kwa sababu ya "la", maana chenyewe kingetaka "cha". Linabaki tundu.

Msomaji wa pembeni: Basi umepima ngeli, hukupima msamiati. Halafu kuku wa kupelekwa sokoni hubebwa kwenye tenga.

Mfugaji nyuki: Na mzinga muuangalie upya. Mzinga ni chombo cha binadamu, uwe gogo lililochongwa na kuzibwa ncha zote mbili au sanduku lenye viunzi. Kundi likihama, unabaki mzinga mtupu. Nyuki wa porini wako kwenye tundu la mti, ufa wa mwamba, au kichuguu kilichohamwa. Wanachojenga wenyewe ni masega. Mtoto anayeandika "tundu la mti" hajakosea, ila mwongozo wa kusahihisha utamnyima alama.

Mhariri wa vitabu vya kiada: Tatizo ni kwamba vitabu vyetu vinatumia "tundu" na "shimo" kana kwamba ni kitu kimoja, kisha mtihani unadai tofauti ambayo kitabu hakikuifundisha. Tofauti ipo, na kila mtu anaijua akiwa nje ya darasa. Shimo ni kina: shimo la taka, shimo la choo. Tundu ni uwazi wa kupitia au kuingilia: tundu la sindano, matundu ya pua. Ndiyo maana taarifa za shule huhesabu "matundu ya vyoo" hata kama yote yako juu ya shimo moja. Tobo nalo huja kwa kuchakaa au kutobolewa: soksi ina tobo, ndoo ina tobo. Kwa panya maneno yote mawili yanaingia. Ukizungumzia alipochimba ni shimo, ukizungumzia mlango anaochungulia ni tundu, na akitandaza matambara darini azalie humo, hicho ni kiota. Hondohondo ndiye mfano ninaoupenda zaidi: jike hujifungia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa tope na kuachwa upenyo mwembamba wa dume kupitishia chakula. Tundu, upenyo na kiota, vyote kwa ndege mmoja! Orodha ya jozi haiwezi kubeba hayo.

Mleta mada: Hayo yote yananiunga mkono.

Mwalimu wa lugha: Mimi ningeliondoa, lakini nafasi yake ijazwe na vitenzi, kwa sababu huko ndiko wanafunzi wanakopotea kweli. "Mbwa ali____ mfupa jana, leo ana____." Anayejua lugha ataandika alifukia, anaufukua. Wengi huweka "chimba" kote. Kufukia ni kurudisha udongo, kufukua ni kuuondoa juu ya kitu kilichofunikwa. "Anauchimbua" pia ipewe alama. Kwenye ujenzi kuna hatua nzima: unachimba shimo, unasimamisha nguzo, unafukia, unashindilia, na kazi yote hiyo ni kuichimbia nguzo. Kutoka hapo mtu "amejichimbia" chumbani anasoma: ameingia ndani na hatoki. Kujibanza kunahitaji kitu cha kujibana nacho, ukuta au mti, kwa hiyo hakuna anayejibanza katikati ya uwanja. Simba akinyemelea anasogea, akivizia ametulia. (Abiria wa basi wanaoshuka "kuchimba dawa" tuwaache, hawana jembe.)

Mtunga mitihani: Vizuri, lakini karatasi za kujaza nafasi zinasahihishwa kwa mkono, na watahini wawili watatoa alama mbili tofauti kwa "anauchimbua". Za kuchagua husomwa na mashine. Wazo lako linaweza kuingia kama jozi: (A) fukia, fukua (B) fukua, fukia (C) zika, fukua (D) chimba, fukia.

Mwalimu wa lugha: C itakuletea malalamiko. Kuzika ni kwa maiti, lakini wapo wanaosema mbwa kazika mfupa, na mzazi atakuja na kamusi mkononi. Weka "panda, ng'oa". Na sentensi iongezewe "kwa udongo" baada ya mfupa, la sivyo B itatetewa na mtu atakayesema mbwa aliufukua jana na leo anaufukia tena.