Tupeane uzoefu: kulala Wasini na Mkwiro, si kwenda na kurudi siku moja

BintiMajengo
Salaam jamani. Picha za Wasini, kile kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya chenye kijiji cha Mkwiro, zimejaa kwenye simu za watu, zote za pomboo na sahani za kaa. Habari ya kulala kijijini hakuna anayeisema: maji, viatu, mavazi, boti ya usiku. Mnaovusha wageni na wenye jamaa huko, mwageni yote. Watu wanakwenda na watoto.

Nahodha_Likoni
Tazama mwezi kabla hujapanga tarehe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, yaani bahari inajaa na kupwa kupita kawaida: maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa ni mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukifika wakati wa kupwa boti inasimama mbali, nanyi mnatembea juu ya matumbawe na mizigo kichwani. Kutoka Likoni panda matatu ya Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, bodaboda ikupeleke hadi gatini penye boti za kisiwani. Chukua begi la mgongoni. Sanduku la magurudumu halina kazi kisiwani, hakuna gari kule.

Mama_Bamburi
Maji! Kisiwa chote ni jiwe la matumbawe, visima vya maji matamu hakuna. Wenyeji wanakinga mvua kutoka paani, na kiangazi cha Januari mpaka Machi kikikaza, mitungi inavushwa kutoka bara. Kila mtu apigiwe hesabu ya lita 3 za kunywa kwa siku, mwende nazo. Kuoga ndoo ya lita 10 yatosha: kata mbili za kujirowesha, jipake sabuni, kisha jisuuze kuanzia kichwani. Na kata isiingie ndooni ikiwa na povu, mwenzio anaoga baada yako. Anayeacha bomba la tangi likitiririka anamaliza maji ya nyumba nzima, na wenyeji kwa ustaarabu wao hawatamwambia kitu.

Kaka_Mtongwe
Kwenye maji Bi mkubwa umemaliza.

Muuguzi_Changamwe
Viatu mmevipita haraka, na hapo ndipo safari zinapoharibika. Mgeni anashuka botini na kandambili, maji magotini. Kandambili inanasa kwenye tope, mguu unatua juu ya samaki-jiwe. Yule utadhani ni kipande cha tumbawe kilichoota mwani, hata ukimkaribia hasogei. Miiba ya mgongoni inapenya na sumu inaingia. Kufumba na kufumbua mguu umevimba, mtu anapiga kelele, jasho linamtoka, na wenzake wanakimbilia barafu. Barafu sivyo! Sumu ile inavunjwa na joto. Chemsheni maji, mchanganye na ya baridi mpaka yafike kama nyuzi 45. Ajaribu mtu mzima kwa mkono wake, maana mgonjwa kwa maumivu yale atajiunguza asijue. Mguu ukae ndani dakika 30 hadi 90, mkiongeza ya moto kila yanapopoa. Msifunge kamba juu ya jeraha, msichanje na wembe. Mwingine aende kutafuta boti saa hiyo hiyo, kwa sababu usiku wa bamvua ufuo umekauka, mgonjwa atabebwa mpaka penye kina, avushwe Shimoni, kisha gari mpaka hospitali ya Msambweni. Pumzi zikimbana au akizimia, msingoje ndoo. Mbebeni.

Mvuvi_Tudor
Muuguzi, wavuvi wanapaka utomvu wa papai bichi na maumivu yanatulia. Mbona hukuutaja?

Muuguzi_Changamwe
Ndugu yangu, huo wanaupaka waliochomwa na wale viumbe wa mviringo wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Samaki-jiwe ni habari nyingine. Usimpotezee mtu nusu saa akitafuta mpapai usiku.

Mvuvi_Tudor
Wazee walipona bila ndoo.

Mama_Bamburi
Na waliokufa nani aliwahesabu? Mjibu muuguzi kwa adabu, mwanangu.

Nahodha_Likoni
Jamani, raba za mtumba za kufunga kamba, soli ngumu, soko la Kongowea zimejaa. Penye mchanga buruta miguu, samaki taa wenye mwiba mkiani wasikie na waondoke.

BintiMajengo
Shukran. Mavazi je?

Mama_Bamburi
Kijiji cha Waislamu, na ufuo wake ni uwanja wa watu. Mwanamke awe na leso mbili, ya kiunoni na ya mabegani, mwanamume kaptura ipite goti. Vazi la kuogelea ni la botini. Pombe ibaki bara. Ramadhani usile mchana mbele za watu. Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa. Bustani ya matumbawe inasimamiwa na akina mama wa kijiji, lipeni pale kwa noti ndogo, chenji ni taabu.

Kaka_Mtongwe
Nendeni Agosti, shule zimefungwa.

Nahodha_Likoni
Agosti ni kusi, kaka. Mkondo wa Shimoni ukikutana na upepo unainua mawimbi mafupi yanayoingia botini. Lazima iwe Agosti? Basi vukeni asubuhi upepo haujaamka, kila mtoto na jaketi lake la kuokolea, limefungwa.

Mama_Bamburi
Na kaskazi bahari safi, lakini ndiyo kiangazi kile nilichosema, maji ya kunywa shida tena.

Nahodha_Likoni
Ndiyo maana mimi husema Oktoba. Upepo umelegea.

BintiMajengo
Oktoba basi. Tarehe ngapi za mwezi maji yanajaa mchana, tushuke ufuoni kabisa?

Nahodha_Likoni
Hesabu mwezi wa angani, si kalenda: siku ya 7 au 8 tangu uandame, na tena ya 22 au 23. Maji hujaa karibu saa nne asubuhi. Muwe Shimoni saa tatu.