Msaada: kioo gani kinafaa picha za zamani za malango ya Beijing?

Mgeni_wa_Xiaobei
Wanajamvi, habari za jioni. Nina picha tatu za zamani za malango ya mji wa Beijing, nyeusi na nyeupe, nataka kuzitundika sebuleni. Nakaa Guangzhou. Fundi anasema atazibandika kwenye ubao wa MDF kwa mashine ya joto, kisha aweke kioo juu. Kinachoniumiza kichwa ni kioo: cha kawaida au cha kuzuia mng'ao? Naomba majibu mapema, kesho anaanza kazi.

FundiFremu
Mkuu, kioo ni cha mwisho. Anza na ukuta. Hapo Guangzhou mwezi wa tatu na wa nne kuna hali wenyeji wanaiita huinantian: hewa yenye joto na unyevu inarudi ghafla wakati kuta bado zina ubaridi wa kipupwe, basi ukuta unatoa jasho na marumaru zinalowa. Fremu iliyolala kwenye ukuta wa namna hiyo inaota ukungu kuanzia mgongoni. Chagua ukuta wa ndani, usiopakana na nje wala bafu. Pembe mbili za chini gundisha vipande vya kizibo vya milimita 5 hadi 10 ili hewa ipite nyuma.

Kati ya picha na kioo lazima kuwe na nafasi. Kata kadi ya dirisha, yaani yenye tundu la kuonyesha picha, unene milimita 2 kwenda juu, isiyo na asidi. Picha ikigusa kioo na unyevu ukaingia, inagandamana nacho, na kuibandua ni kuichana.

Uzito nao usiusahau. Kioo cha milimita 2 ni kilo 5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo fremu ya sentimita 60 kwa 90 ina kilo 2.7 za kioo kabla ya mbao. Skrubu mbili zenye fisha, msumari mmoja hapana.

Lango_la_Kusini
Ni malango gani? Mji wa ndani ulikuwa na tisa, mji wa nje saba, na mengi hayapo tena. Kama unayo Xizhimen, hiyo ni ya thamani. Reli ya kuzunguka mji ilipojengwa mwaka 1915, nyua za ngome (kuta za ulinzi zilizozungushwa mbele ya lango) za Deshengmen, Andingmen, Dongzhimen na Chaoyangmen zilibomolewa kuipisha. Xizhimen ilibaki na ua wake hadi 1969, ikavunjwa wakati wa kujenga reli ya chini ya ardhi.

Karatasi
Kabla ya kioo na ukuta, swali langu: picha zimechapwa kwenye nini, na umezitoa wapi?

Mgeni_wa_Xiaobei
Ni za zamani tu mkuu. Karatasi nzito, nzuri. Nimepata jibu la ukuta, bado la kioo.

Karatasi
Hujajibu. Ukiigeuza moja, pembeni kuna nini?

Mgeni_wa_Xiaobei
Sawa, nasema. Ni kurasa za kitabu cha picha cha Osvald Sirén, mwanahistoria wa sanaa wa Uswidi, kuhusu kuta na malango ya Peking (Beijing), London 1924. Nimezikata jana kwa wembe, Xizhimen na Yongdingmen. Naomba nieleweke: jalada lilishaachia, kitabu kilikaa sandukuni hakuna anayekifungua. Ukutani angalau watu wataona. Na fundi nimeshamlipa nusu.

Mtunza_Maktaba
Ndugu yangu, toleo hilo lilikuwa nakala 800 tu, lenye fotograviya 109 (picha zilizochapwa kwa wino kutoka mabamba ya shaba) na michoro 50 ya mafundi wa Kichina. Yongdingmen aliyoipiga Sirén ilibomolewa 1957. Hiyo unayoiona leo imejengwa upya 2004. Ukurasa huo unaonyesha matofali ambayo hayapo tena duniani. Jalada kuachia ni kazi ndogo kwa mjalidi, si sababu ya wembe.

Mgeni_wa_Xiaobei
Kurasa ni zangu, na 107 bado zimo.

Karatasi
Ni zako, kweli. Ila mwambie fundi asiwashe mashine. Gundi ya joto ikishashika karatasi haitoki bila kuharibu, na MDF yenyewe inatoa mvuke wenye asidi unaogeuza karatasi kuwa ya manjano. Selotepu ni vilevile, inaacha doa la kahawia.

Lango_la_Kusini
Samahani, mimi naanza kuutilia shaka uzi huu. Alisema picha tatu, kurasa ni mbili. Ya tatu ni ipi?

Mgeni_wa_Xiaobei
Zhengyangmen. Mbele kuna ule ukuta wa nusu duara, mzima, na minara yote miwili ina mapaa. Rangi yake ya kahawia.

Lango_la_Kusini
Hapo ndipo hadithi inapokatika. Ua wa Zhengyangmen ulibomolewa 1915, katika ukarabati wa Mjerumani Curt Rothkegel, aliyeongeza pia zile kingo nyeupe juu ya madirisha ya mnara wa mishale, ule wa mbele. Sirén alipiga picha zake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Asingeweza kuukuta ule ukuta. Tena mwanzo ulisema nyeusi na nyeupe, sasa kahawia. Ama umetunga, ama hujasema yote.

Mgeni_wa_Xiaobei
Sijatunga. Ya tatu haikutoka kitabuni. Niliinunua soko la Panjiayuan, Beijing, muuzaji akasema ni ya kabla ya 1900. Nililipa pesa nyingi, ndiyo maana sikutaka kuulizwa.

Lango_la_Kusini
Nimekuelewa, naondoa neno langu. Minara yote miwili iliungua mwaka 1900 na kujengwa upya miaka iliyofuata. Kwa hiyo tukio lenyewe ama ni la kabla ya 1900, ama ni la miaka michache kabla ya 1915. Umri wa karatasi ni jambo jingine.

Karatasi
Tafuta lenzi ya kukuza mara 10. Picha za karne ya 19 nyingi zilichapwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai na chumvi ya fedha. Kwenye lenzi utaona nyuzi za karatasi chini ya utando unaong'aa, na nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Hautaona nukta za wino. Ikiwa ni hiyo, usiitundike kabisa; mwanga unaififisha.

Mgeni_wa_Xiaobei
Nimeazima lenzi ya fundi simu. Naona nukta ndogo ndogo za buluu, za waridi na za njano, hasa angani.

Karatasi
Pole. Hiyo imetoka kwenye printa ya wino. Basi ndiyo ya kutundika. Gusa ukingo kwa pamba yenye unyevu kidogo. Rangi ikihamia kwenye pamba, haitavumilia huinantian, chapisha upya kwa wino wa pigimenti, usioyeyuka kwenye maji.

Zile kurasa mbili ziskani kwa nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF. Picha ya sentimita 20 itakupa pikseli 4,724, yaani ukiichapa kwa nukta 200 kwa inchi inafika sentimita 60, na hiyo inatosha kwa mtu aliyesimama hatua mbili. Kisha zirudi kitabuni ndani ya bahasha isiyo na asidi, bila gundi.

FundiFremu
Nusu uliyolipa ihamie kwenye kadi na fremu. Chapa mpya ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya xuan (ile ya Kichina ya kuandikia kwa brashi) na gundi ya wanga wa ngano. Maduka ya vifaa vya brashi hapo Guangzhou yanauza. Pande nyingine ziache huru, karatasi inatanuka kwenye unyevu. Na kioo: kama dirisha liko mkabala na picha, cha kuzuia mng'ao. Kama liko ubavuni, cha kawaida kinatosha.

Mgeni_wa_Xiaobei
Liko ubavuni. Nimempigia fundi, mashine haijawashwa.