Kifuko cha maji kwenye figo

Swali: Nilipata maumivu, nikapigwa ultrasaundi kutafuta mawe kwenye kifuko cha nyongo, hayakuonekana, lakini ripoti ikataja kifuko cha maji cha sentimita 3 kwenye figo ya kushoto. Tangu jana nausoma mstari huo mmoja tu. Je, nianze matibabu?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kifuko chenye ukuta mwembamba na maji matupu ndani, ambacho katika mpangilio wa Bosniak wa mwaka 1986, unaogawa vifuko vya figo kwa madaraja kulingana na uwezekano wa kuwa saratani, kimo daraja la kwanza, kwa kawaida hakihitaji matibabu, na huonekana zaidi kadiri umri unavyosonga.

Jibu: Ripoti ikitaja ukuta mnene au sehemu ngumu, muulize daktari kuhusu kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazopangwa na kompyuta. Nayo maumivu yaliyokupeleka hospitali bado hayajapata jibu, mkumbushe.