Waandaaji wa kambi za wikiendi: hema la watu wanne halilazi watu wanne, na baridi siyo sehemu ya kifurushi

Kigingi Chuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimechoka na sitaremba maneno.

Kila ikikaribia sikukuu, magrupu ya WhatsApp yanafurika mabango: twende Lushoto, twende Mikumi, twende Ngorongoro, siku mbili, hema lipo, chakula kipo, moto upo. Watu wanalipa. Wanarudi na mafua, migongo imekakamaa, nguo zinanuka ukungu. Wakiuliza wanajibiwa, "Hiyo ndiyo kambi, ulitaka hoteli?" Jibu hilo ndilo linalonichefua. Mtu aliyelala vibaya kambini kalazwa vibaya na aliyepokea hela yake. Pori halina kosa.

Tuanze na hema. Lile linalouzwa kama la watu wanne mara nyingi lina sakafu ya sentimita 210 kwa 210. Gawa kwa wanne, kila mmoja anapata sentimita 52. Godoro letu la kawaida la futi mbili na nusu lina upana wa sentimita 75 hivi, kwa hiyo yakiingia mawili inabaki nafasi ya mabegi na viatu, basi. Hema la wanne ni la watu wawili, na la wawili ni la mtu mmoja na begi lake. Mwandaaji anajua hilo vizuri kabisa, ila anawapanga wanne walale mzungu wa nne, na anayelala pembeni anagusa kitambaa usiku kucha na kuamka bega limelowa.

Pili, "halipitishi maji". Kwa kipimo gani? Kitambaa cha hema hupimwa kwa urefu wa nguzo ya maji kinachoweza kuhimili kabla hakijavuja, na urefu huo huandikwa kwa milimita kwenye lebo. Paa la nje lenye 1,500 linatosha mvua ya kawaida. Kwa masika ya Usambara tafuta 3,000. Sakafu inahitaji zaidi ya paa, kwa sababu goti na makalio hukandamiza maji ya chini yapande juu. Halafu tazama mishono. Kama upande wa ndani haikubandikwa utepe, lebo iseme elfu kumi, maji yatapita kwenye tundu za sindano. Yale mahema ya kurusha yanayojikunjua yenyewe, yenye ukuta mmoja na rangi ya fedha, ni ya kivuli ufukweni. Kuyapeleka milimani mwezi wa Aprili ni dharau kwa mteja.

Na hata hema zuri linaharibiwa na anayelisimamisha. Turubai la chini likitokeza nje ya sakafu linakuwa karai: mvua inateremka kwenye paa, inadakwa na turubai, inakusanyika chini ya mgongo wako. Likunjwe lisionekane nje hata kidogo. Kigingi kipigwe mshazari, kichwa kikilalia upande wa mbali na hema, siyo wima. Paa la nje likazwe mpaka lisiguse hema la ndani, maana pale yanapogusana ndipo maji yanapoingilia. Na madirisha ya juu yasifungwe! Pumzi ya watu usiku mzima inaganda kwenye kitambaa cha baridi, alfajiri inadondoka usoni, kisha mnasema hema linavuja. Halivuji. Mmelifunga kama chupa.

Tatu, baridi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye mita 2,300. Mtu katoka Dar na shuka la kanga, Julai, na hakuna aliyemwambia neno. Mkimpa mfuko wa kulalia mnamsomea namba ndogo kuliko zote kwenye lebo. Lebo za mifuko iliyopimwa huwa na namba tatu: ya kulala kwa starehe, ya kikomo, na ya kutokufa. Mnayomsomea ni ile ya kutokufa.

Tena baridi inayomaliza watu hutoka chini. Ukilalia mfuko, uzito wako unabana manyoya au pamba yake na ile hewa iliyokuwa inatunza joto inatoka. Kinachokukinga hapo ni cha chini yako. Godoro la upepo lisilo na kitu ndani ndilo baya kuliko yote, hewa yake inazunguka na kukunyonya joto. Sponji gumu la inchi mbili juu ya turubai linalishinda, na ni la bei ya kawaida.

Mwisho kwa leo: anayeingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili "wapate joto" ashitakiwe. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu, haikereketi koo, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya watu zaidi. Kuumwa kichwa na usingizi mzito ndizo dalili, na aliyelala hazisikii. Maji ya moto kwenye chupa ngumu iliyofungwa vizuri, ndani ya soksi, miguuni: joto la masaa kadhaa bila msiba.

Nasema haya kwa sababu kambi ni raha, jamani. Mwananchi anayelala hemani ndani ya hifadhi analipa sehemu ndogo tu ya bei ya loji, na saa kumi na mbili asubuhi yeye tayari yuko ndani, simba hawajaingia vichakani, wakati wa hoteli za nje ya geti bado anatafuta risiti. Usiku usio na mwezi anaona nyota ambazo Dar hazipo kabisa. Mnaua kitu kizuri kwa ajili ya kubana elfu ishirini.

Nawasilisha.

---

Mpanda Bonde

Ndugu, huku Kenya ni yale yale, ila sisi tunaongezewa kiboko.

Naivasha kila mtu anataka hema lake liwe hatua kumi kutoka ziwani ndiyo picha itoke poa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na ana njia zake: mitaro miwili sambamba iliyokanyagwa, katikati nyasi zimebaki. Ukiona hiyo, hapo si mahali pa hema. Kambi nyingi za kando ya ziwa zina waya wa umeme, kwa hivyo swali la kuuliza ni waya unawashwa saa ngapi na unaishia wapi. Jibu likiwa "usijali", jali. Na ile migunga ya manjano ni mirembo, lakini inaangusha matawi. Angalia juu kabla ya kupiga kigingi. Tawi lisilo na majani ndilo lako.

Halafu makorongo. Mchanga laini, tambarare, umejikinga upepo, mtu anaona amepata kitanda. Maji ya ghafla hayahitaji mvua inyeshe ulipo, yatateremka kutoka huko juu ilikonyesha. Pale korongo la hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu saba walisombwa wakafa Septemba 2019, na wengine saba walikuwa wamekufa palepale Aprili 2012. Hao walikuwa wanatembea tu, mchana. Mwandaaji anayelaza watu kwenye mkondo mkavu anafanya nini?

---

Mratibu Nyika

Mimi ni mwandaaji na nitajibu, maana mmetupiga mpaka basi.

Kuhusu sakafu na mkaa mko sahihi, sibishi. Lakini semeni na upande wa mteja. Mnaambiwa mje na koti, mnakuja na miwani ya jua. Mnaambiwa viatu vya kufunika, mnakuja na yeboyebo, halafu siafu wakipita mnalia. Siafu hawaingii kwa uchawi: msimu wa mvua wanahama, wanafuata mstari, na ukizunguka eneo dakika tano kabla ya kusimamisha hema utauona huo mstari. Zipu mnaziacha wazi mchana kutwa, usiku mnaniuliza mbu wametoka wapi.

Chakula ndiyo balaa. Machungwa, maembe, karanga, vyote vinafichwa hemani chini ya mto. Tembo ananusa chungwa kwa mbali sana, na hana habari ya zipu. Nyani anajua sauti ya mfuko wa plastiki. Fisi anachukua viatu vya ngozi vilivyoachwa mlangoni, na hata sabuni na dawa ya meno vina harufu kwake. Vyote hivyo viende kwenye gari, vioo vimefungwa.

Na kabla ya mvua na baridi, kero namba moja ya kambi zetu ni spika. Kila grupu na yake, mpaka saa nane usiku, kwenye kambi ya hifadhi ambako jirani kaja kusikiliza fisi. Hilo nalo mtatulaumu sisi?

---

Binti Magamba

Mratibu, ndiyo, tutawalaumu. Spika mnazibeba nyinyi kwenye paa la gari na kwenye bango mmeandika muziki. Tusidanganyane.

Wanaume wote hapo juu mmepita choo kama hakipo. Kambi ya umma ya hifadhi kwa kawaida ina choo, bomba na kibanda cha kupikia. Kambi maalumu haina kitu, unapewa eneo mnalokaa peke yenu, huduma zote mnabeba. Waandaaji wanauza ya pili kwa kuisifia "mtakuwa peke yenu", wakifika wanawaambia akina dada wakachimbe dawa kichakani saa sita usiku, kwenye nchi ya simba.

Kifanyike hivi. Lile hema jembamba la kubadilishia nguo, ndoo yenye mfuniko, mifuko miwili miwili, majivu au vumbi la mbao la kufunika kila baada ya matumizi. Liwe karibu na mahema, ndani ya mwanga wa taa. Mahali panaporuhusiwa kuchimba, shimo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, na udongo urudishwe. Pedi na karatasi laini za unyevu hazizikwi, zinarudi mjini kwenye mfuko uliofungwa. Anayetoka usiku aangaze tochi pande zote kabla hajatoa mguu, na akiona macho yanayong'aa arudi ndani afunge zipu. Waende wawili.

Maji pia. Bango linasema "maji yapo", kumbe ni katoni moja ya chupa. Mtu mmoja anakunywa lita tatu kwa siku, akitembea juani zaidi. Ongeza kupika, kuosha vyombo na kunawa, hesabu lita kumi. Watu kumi siku mbili ni madumu kumi ya lita 20. Gari lao lina nafasi ya madumu mawili na spika. Ya mtoni yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima. Ukipita mita 2,000, dakika tatu, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Na msiwaruhusu watu waogelee ziwani eti maji ni safi kwa macho. Kichocho hakionekani.

---

Kigingi Chuma

Binti Magamba umemaliza kila kitu, asante.

Mratibu, nakushukuru umejitokeza, wenzako wamejificha. Ila usitupe lawama kwa yeboyebo. Wewe ndiye unayejua Kambi ya Simba usiku kunakuwaje, mteja hajui, ndiyo maana kakulipa. Ukituma orodha ya vitu usiku wa kuamkia safari, hiyo siyo orodha.

Kwa wanaotaka kulipa wiki hii: omba picha ya lebo ya hema, siyo picha ya hema. Uliza watakulaza wangapi na chini yako kutakuwa na nini. Uliza kambi ni ya umma au maalumu. Uliza kuni zinatoka wapi, maana hifadhini haziokotwi. Akikasirika kuulizwa, umepata jibu na hela yako bado iko mfukoni. Na mkielekea kwenye mbung'o, epukeni hema na nguo za bluu na nyeusi. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, kwa kuwa ndizo zinazowavuta.

---

Fundi Zipu

Naongeza dogo. Mahema ya kukodi yanayonata na kunuka kama maziwa yaliyolala ni yale yaliyokunjwa yakiwa mabichi. Unyevu umekula ile ngozi ya plastiki upande wa ndani. Ukiona kitambaa kinabandukana magamba, kirudishe hapohapo, usikubali kuambiwa kitakauka.

---

Mpanda Bonde

Fundi, hiyo ya kunata inatibika? Kuna mahali wanauza mitumba ya mahema bei nzuri.

---

Fundi Zipu

Ngozi ikishaanza kunata haiponi, inatolewa yote. Ukipaka dawa juu ya ngozi iliyooza inabanduka nayo. Inabidi uisugue yote itoke kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini, ukaushe siku mbili kivulini, ndipo upake upya ile ya silikoni au ya poliyurethini kulingana na kitambaa. Ni kazi ya siku tatu. Kwenye mitumba tazama mishono ya sakafuni na zipu kwanza. Zipu inayofunga halafu inaachia nyuma, mara nyingi ni kile kigari kinachovutwa kufungia kimepanuka: kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, pole pole, kisha ujaribu. Fito za faiba zilizochanika usizishike mkono mtupu, nyuzi zake zinaingia kwenye ngozi. Kata bomba jembamba la chuma la sentimita 12, livishe juu ya mpasuko, zungushia utepe. Linashika.